“Fundi, niwekee almasi”: tunayoaminishana Kigoma kuhusu Free Fire

Kibanda changu kiko Mwanga, hatua chache kutoka sokoni. Natengeneza simu, nachaji simu za watu, nauza vocha, na ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Shule zikitoka, nje ya kibanda panakuwa na kelele kuliko mwalo wa Kibirizi dagaa wanaposhushwa: madogo wanacheza Free Fire, gemu la simu la kupigana risasi, huku wakigombania soketi. Mimi pia nacheza, sina haya. Kwa hiyo maneno yote yanayosemwa mtaani kuhusu gemu hili yanapita kwenye meza yangu, ya kweli na ya uongo.

“Kuna programu inaongeza almasi”

Almasi ndiyo pesa ya ndani ya gemu, na hili ndilo ninalolisikia kuliko yote. Dogo mmoja alinijia na simu ya mama yake. “Shikamoo fundi. Imegoma, nisaidie kumalizia.” Nikaangalia: ukurasa uliorushwa kwenye kundi la WhatsApp, umemtaka aandike namba yake ya mchezaji, achague almasi 10,000, kisha aweke nywila ya Facebook “kuthibitisha kuwa si roboti”. Alishaandika herufi nne za nywila.

Almasi haikai kwenye simu. Ile namba unayoiona juu ya skrini ni picha tu ya hesabu iliyoandikwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za Garena, kampuni ya Singapore inayotoa gemu hilo. Nilimweleza kwa lugha ya kibandani: chukua meseji ya muamala kwenye simu yako, ihariri isomeke kwamba umepokea shilingi milioni moja, halafu njoo kwangu kutoa. Nitakupa? Akacheka, akasema nitakuwa mjinga. Basi na seva si mjinga. Anayetengeneza ukurasa ule hana almasi ya kukupa, anachotaka ni nywila, na akaunti yenye skini nzuri (mavazi na mwonekano wa silaha) ina wanunuzi.

Ndugu wa ukurasa huo wa almasi ni lile gemu “lililofunguliwa”, yaani nakala iliyochakachuliwa, lenye kulenga kichwa peke yake na kuona maadui nyuma ya ukuta. Hilo linafanya kazi kweli, kwa siku kadhaa. Kisha akaunti inafungwa moja kwa moja, na Garena huwa hawaishii kwenye akaunti, wanafungia hata simu yenyewe isicheze tena. Nimeulizwa mara ngapi kama naweza “kuflashi” hilo litoke!

Kodi za zawadi, zile za herufi na tarakimu 12 au 16, zenyewe zipo. Kampuni inazitoa, unaziingiza kwenye tovuti yao wenyewe, na zinaisha muda haraka. Ila hazikubali akaunti ya mgeni, ile unayoanza kucheza bila kuiunganisha na Google wala Facebook.

Na hapo kwenye mgeni nina kidonda changu. Madogo wanaamini ukishaingia na kucheza, akaunti ni yako, iko tu “kwenye mtandao”. Akaunti ya mgeni imefungwa kwenye simu hiyo hiyo. Nilicheza hivyo karibu mwaka mzima kwa uvivu wa kuiunganisha na Google, mpaka simu yangu ilipoanza kuganda nikaifuta yote na kuanza upya, kazi ninayowafanyia wateja kila wiki nikiwauliza kwanza, “Umehifadhi vitu vyako?” Mimi sikujiuliza. Nikafungua gemu, nikakuta nimekuwa mchezaji mpya mwenye fulana nyeupe.

“Ni la bure, kwa hiyo hakuna anayelipa”

Bure yake ni ya kweli: unaweza kucheza miaka usitoe hata shilingi. Lakini yupo anayelipa. Katika robo ya tatu ya mwaka 2021, Sea, kampuni mama ya Garena, ilitangaza kuwa magemu yake yalikuwa na watumiaji milioni 729, na waliolipa walikuwa kama milioni 93. Mmoja kati ya wanane hivi. Huyo mmoja anabeba jahazi lote, na sisi saba tunamsaidia kuwa na watu wa kuwapiga. Tukiondoka, skini yake ya dhahabu ataionyesha nani?

Wajuaji wa kijiweni hapa huongeza kwamba almasi inanunua urembo tu, haisaidii kushinda. Sikubaliani nao. Skini za nguo ni urembo, sawa. Skini za bunduki nyingi hubadilisha kidogo tabia ya silaha: moja inaongeza madhara na kupunguza kasi ya kujaza risasi, nyingine kinyume chake. Kwenye chumba cha kujitengenezea, yaani mechi ya kualikana wenyewe, mwenye chumba anaweza kuzima nyongeza hizo, na ndivyo tunavyofanya tukiwekeana soda. Bado fundi wa kurusha gloo, ukuta wa kujikinga na risasi, kwa wakati atamtoa tajiri asiyejua kujificha.

“Nimeua kumi na wanane, mimi ni noma”

Pole. Mechi ina watu 50, lakini kwenye ngazi za chini sehemu kubwa ya hao ni boti. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kibandani akingoja simu yake alishtuka kusikia mjukuu wake kapiga boti sita, akauliza za mwalo gani. Si hizo, mzee. Ni wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, wanatembea wima uwanjani na kufyatua hovyo. Ukipanda ngazi wanapungua, na ndipo wengi hugundua hawajui kucheza.

“Linakula MB”, “mtandao wa Kigoma ni mbovu”

Kinachokula bando ni kulishusha gemu, masasisho yake, na mafurushi ya ramani na skini. Mechi yenyewe inatumia MB chache, kwa sababu simu haipokei picha. Picha zimo tayari ndani ya simu. Kinachopita hewani ni habari fupi fupi: fulani yuko hapa, amegeuka kule, amefyatua. Video fupi ambazo dogo anatazama akingoja mechi ianze ndizo zinazommaliza.

Kuhusu kuganda, tunalaumu umbali wetu na Dar es Salaam. Reli ya Kati kutoka Dar hadi hapa ni kilomita 1,250 hivi. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda Dar na kurudi ni milisekunde 12 au 13 tu. Pingi (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ya milisekunde 180 haikutengenezwa na Kigoma. Inatokana na seva kuwa ng’ambo, vituo ambavyo data inapitia njiani, na mnara mmoja unaohudumia mtaa mzima saa mbili usiku. Jaribu kucheza alfajiri uone. (Sisemi kwamba mnara wetu hauna matatizo. Nasema tu gemu likiganda, treni haihusiki.)

“Free Fire inaua betri”

Muuaji ni joto. Gemu linafanyisha simu kazi nzito, simu inachemka, na betri ya lithiamu ikikaa kwenye joto huzeeka haraka. Sasa mtazame mchezaji wetu: simu ina kava nene la mpira, imechomekwa kwenye chaja, yeye amekaa juani. Kucheza kunapasha, kuchaji kunapasha, jua linapasha, kava linafunika. Wiki iliyopita nilifungua simu moja ya namna hiyo. Betri limevimba mpaka limeinua kioo upande mmoja. Mwenyewe alikuwa ameikandamiza kwa raba, miviringo minne.

Vua kava, kaa kivulini, punguza ubora wa picha kwenye mipangilio, chaji kwanza ucheze baadaye. Betri lililovimba usilitoboe wala kulikandamiza. Lilete.

“Ni gemu la Wachina”, “ni PUBG ya maskini”

Hayo tuyapitie haraka (PUBG ni gemu jingine la namna hii hii). Lilitengenezwa na studio ya Vietnam, 111dots, na kutolewa na Garena ya Singapore. Mwanzilishi wa Sea, Forrest Li, alizaliwa China na ni raia wa Singapore, na Tencent ya China ina hisa humo. India ililifungia Februari 2022 pamoja na programu nyingine zilizotajwa kuwa na uhusiano na China. PUBG ya kompyuta ndiyo iliyotangulia, Machi 2017, na wenye nayo walimshtaki Garena Marekani Januari 2022 wakidai wameigwa. Ila kwenye simu Free Fire ilitoka mwisho wa 2017, na PUBG Mobile ikaenea duniani 2018. Mechi yake ni ya dakika kumi hivi, ya mwenzake inafika nusu saa.

“Gemu limeniibia pesa”

Mama mmoja wa Gungu alikuja amekasirika, dogo nyuma yake anaburuza ndala. Salio lake la pesa ya mtandao limetoka mara tatu, na anataka nilifute gemu lililomwibia. Nikamwambia, mama, pesa ya mtandao haitoki mpaka mtu aweke namba ya siri. Usinitajie, niambie tu nani mwingine anaijua.

Akafikiri. Akageuka kumtazama mwanawe. Namba ilikuwa mwaka aliozaliwa dogo huyo huyo.

Tuliibadilisha pale pale. Dogo alisimamishwa nje, mgongo umeelekea kibandani, masikio ameyaziba kwa vidole kama alivyoagizwa.