Spika bapa "ngumu kusukuma": maana yake kwa mwenye amplifaya ya valvu

Mtu akikuambia spika fulani ni ngumu kusukuma, muulize kwanza: ngumu kwa namna gani? Neno hilo limezishika sana spika bapa, zile zisizo na koni wala kasha, zinazosimama sebuleni kama mlango mwembamba na kutoa sauti mbele na nyuma. Nazipenda mno spika hizi, na nimeona watu wengi wakizikatia tamaa kwa sababu waliambiwa jambo moja tu: tafuta wati nyingi. Wati ni sehemu ya habari, wala si sehemu kubwa kila mara.

Tuanze na amplifaya yenyewe. Valvu, yaani ile chupa ya kioo inayowaka rangi ya chungwa, hufanya kazi kwa volteji kubwa, volti mia kadhaa, na mkondo mdogo. Spika hutaka kinyume chake: volteji ndogo na mkondo mwingi. Anayewapatanisha ni transfoma ya kutolea sauti. Ifikirie kama gia za baiskeli. Mguu ni uleule na nguvu ni zilezile, ila gia ndiyo inayoamua kama utakwenda kasi kwenye tambarare au utapanda mlima. Zile skrubu za nyuma zilizoandikwa 4, 8 na wakati mwingine 16 ndizo gia zako. Namba hizo ni omu, kipimo cha impidansi, yaani kiasi ambacho spika inauzuia mkondo. Omu zikishuka, spika inavuta mkondo zaidi.

Sasa chukua Magnepan, spika za Minnesota, Marekani, alizozianzisha Jim Winey mwaka 1969. Utando wake una nyaya zilizotandazwa mbele ya safu za sumaku. Impidansi yake ni kama omu 4, na haipandi wala kushuka sana kutoka besi hadi sauti nyembamba. Huo ni mzigo mwepesi kuuelewa: unaweka kwenye skrubu ya 4, basi. Ugumu wake ni ulafi. Aina zake nyingi huandikiwa desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa volti 2.83, lakini kwenye omu 4 volti hizo ni wati 2, si 1. Kwa wati moja, basi, unapata desibeli 83 ukiwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 za ziada zinataka wati maradufu. Amplifaya ya valvu moja ya aina ya 300B, yenye wati kama 8, itaishia desibeli 92. Kishindo cha ngoma kinachotaka 103 kitahitaji wati 100. Kwa hiyo valvu zinafaa hapa, mradi ziwe nyingi na kubwa. Audio Research, watengenezaji wa amplifaya za valvu wa Minnesota hukohuko, ndio waliosambaza spika hizi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Spika za elektrostatiki ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu hupotea. Mfano bora ni Quad ESL ya Peter Walker, iliyotoka Uingereza mwaka 1957. Utando wake hauna waya wala sumaku. Umewekewa chaji ya maelfu ya volti na unavutwa huku na huku kati ya bamba mbili. Kwa amplifaya, kitu hicho ni kapasita kubwa, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, na kapasita hupitisha mkondo kwa urahisi zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Kwa hiyo spika hiyohiyo ina zaidi ya omu 30 kwenye besi, kisha inateremka hadi chini ya 2 ikikaribia hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwenye sauti nyembamba kabisa. Ni barabara yenye tambarare na mlima mkali, nawe una gia moja tu kwa safari nzima.

Hapo huingia ukinzani wa ndani wa amplifaya. Tuseme ni omu 1. Spika ikiwa na omu 30, karibu volteji yote inaifikia. Ikifika omu 2, theluthi moja inapotelea ndani ya amplifaya, na sauti nyembamba zinashuka kwa zaidi ya desibeli 3. Msikilizaji atasema valvu zina "sauti laini", kumbe ni hesabu ya kugawana volteji. Ukihamia skrubu ya 4, ukinzani huo hupungua na mng'ao wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, hurudi, ingawa unapoteza wati kiasi kwenye besi.

Hata hivyo Quad walizipa spika hizi amplifaya yao ya valvu, Quad II, ya wati 15 tu, na zikaelewana. Muziki hauna nguvu nyingi huko juu kabisa, na spika yenyewe haivumilii volteji kubwa: ukiizidishia, cheche hutoboa utando. Amplifaya kubwa ya transista, isiyotumia valvu, ilikuwa hatari kwake kuliko ile ndogo ya valvu.

Zipo spika bapa nilizokata tamaa kuziendesha kwa valvu. Apogee Scintilla ya miaka ya 1980 ilikuwa na omu 1 kwenye karibu sauti zote, besi hadi nyembamba, na transfoma za kawaida za valvu hazina gia ya mlima huo.

Ukitaka kujaribu skrubu tofauti nyumbani, zima amplifaya kwanza kila mara unapohamisha waya. Usiiache ipige muziki bila spika, kwa maana volteji inaweza kupanda hadi kuunguza transfoma. Na usifungue kifuniko: kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.