Korosho yenye ncha

Fungua kabati la mama yeyote hapa Lamu, toa leso kumi, yaani kanga, na hutakosa yenye korosho: ile alama yenye tumbo chini na ncha iliyopinda juu. Wakati mwingine hukaa pembe nne za mji wa leso, ile sehemu ya katikati, wakati mwingine hujipanga pindoni kama msafara wa majahazi. Kazi yangu ni kuchora mimea kwa rangi za maji, kisha kuigeuza michoro hiyo kuwa nakshi za leso. Kwa miaka kadhaa niliitazama korosho ile kama kosa linalonisubiri nilisahihishe, kwani korosho ya mtini haina ncha. Imebutuka huku na huku.

Anayechora mmea kwa ajili ya botania haruhusiwi kukisia. Tawi hukatwa asubuhi na kutiwa majini, na kila kipimo huhamishwa kwa bikari kutoka kwenye jani hadi kwenye karatasi. Ua moja hupasuliwa kwa wembe, stameni zake, vile vijiti vyenye chavua, zikahesabiwa chini ya kioo cha kukuzia. Nilipokaa na tawi la mkanju, yaani mkorosho, kwa siku tatu niliona mambo ambayo utoto mzima wa kula makanju haukunionyesha. Korosho hukua kwanza. Hufikia ukubwa wake ingali kijani, huku bibo linaloishikilia, au kanju, likiwa bado jembamba. Baadaye ndipo bibo hufura, likageuka jekundu au la njano, likaipita mbegu yake. Na lile bibo tunalolinyonya hadi nguo zikaingia madoa si tunda hasa, ni kikonyo kilichovimba. Ua ni dogo mno, la petali tano nyembamba zinazojikunja kwa nyuma, na kati ya stameni zake iko moja ndefu kuliko wenzake.

Basi leso yangu ya kwanza niliichora kwa uaminifu huo. Bibo juu, korosho chini yake, mishipa ya majani yote mahali pake. Kiwandani mishipa ikazibika, kwa sababu wino husambaa kwenye pamba na mstari mwembamba kama unywele hauponi. Hilo lilikuwa kosa langu na linarekebishika. Lililoniuma ni la sokoni. Bi mmoja muuza leso aliikunjua sampuli, akaisogeza mwangani, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, mbona umejaza mafigo?”

Ndipo nikaanza kuifuatilia ile ncha.

Alama hii haikuzaliwa kuwa korosho. Wafumaji wa Uajemi na Kashmir walikuwa nayo, na Waajemi huiita boteh, yaani kichaka. Kwenye shali za Kashmir za karne ya 17 utauona mmea mzima, wenye shina na maua, uliosimama peke yake. Vizazi vilivyofuata vikaujaza maua zaidi na zaidi, kichwa chake kikainama, mwisho wote ukafungwa ndani ya umbo moja. Ncha ni kile kichwa kilichoinama. Karne ya 19 viwanda vya Ulaya viliziiga shali hizo, na mji wa Paisley huko Uskoti ulizifuma kwa wingi hata Waingereza wakaiita nakshi yenyewe kwa jina la mji huo.

Mkanju ulikuja kwa njia nyingine. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16, na neno kanju limetokana na caju lao, ambalo nao walilipata kwa Watupi, wenyeji wa huko. Leso nayo ni neno la Kireno. Kwa hiyo kichaka cha Kashmir na mti wa Brazil vilikutana juu ya kitambaa chenye jina la Kireno, na waliovikutanisha ni wanawake wa pwani hii. Walitazama umbo lililokwisha kupoteza majani yake yote, wakasema: korosho. Wakalirudisha kuwa mmea.

Nyanya yangu mzaa mama ni Mbajuni wa Faza, babu mzaa baba asili yake Hadhramaut. Lamu hayo hayamshangazi mtu. Kinachonikera ni nguo zinazouzwa kwa sifa ya “mchanganyiko wa tamaduni” ilhali zimejazwa waridi lililonakiliwa kutoka kwenye simu. Mchanganyiko wa kweli unaweza kuuhesabu kwa kidole. Chukua mlango wa nyumba yetu: una ua la petali sita lililochongwa ndani ya duara. Petali hizo sita zimetoka kwenye bikari: ukiliacha kwenye upana uleule lililochorea duara, ukalitembeza ukingoni, litaligawa sehemu sita sawasawa bila fundi kupiga hesabu yoyote. Ua lile ni la chombo kabla ya kuwa la mmea.

Nilitaka asumini pindoni, na hapo ilinibidi nichague. Asumini tunayoipanda uani, ile ya kutungwa kwenye kikuba pamoja na rehani na mkadi, ililetwa kutoka Asia. Jani lake ni moja moja. Asumini za mwituni, zile za jamii ya mwafu, ni wenyeji. Mojawapo, ambayo jani lake limegawanyika vijani vitatu, wataalamu wanaiita Jasminum fluminense, yaani asumini ya Rio de Janeiro! Wareno waliivusha mapema kutoka Afrika, ikaota Brazil kama iliyo kwao, na mtaalamu aliyeipa jina hilo aliikuta huko. Mkanju ulikuja, asumini ikaenda. Sikuhitaji kutafuta zaidi.

Sampuli ya pili, basi. Ncha nimeirudisha, na sasa yule bi anasema korosho bila kuulizwa. Ndani ya tumbo lake, mahali ambapo wachoraji wengi hutia nukta, nimetia maua ya mkanju yenye petali tano na ile stameni ndefu, kwa mistari minene inayostahimili wino. Pindoni unatambaa mwafu wa vijani vitatu vitatu. Rangi ni tatu tu, nyeusi, nyekundu na njano, kwa kuwa kila rangi inadai skrini yake, ile fremu ya kupigia chapa, na skrini ni pesa. Kijani kimenishinda, kwa hiyo majani ni meusi. Afu, ua la mwafu, ni jeupe, nami sikulinunulia rangi: nimelizungushia wino mweusi pembeni na kuliacha wazi, ua likabaki kuwa pamba yenyewe.