Je, wajua kwa nini bastola hukwama katikati ya kufyatua?

Mwanzoni mwa mwaka 1911 jeshi la Marekani lilikuwa likichagua bastola mpya, na mwishoni zikabaki mbili: Savage, na Colt iliyobuniwa na John Browning. Kila moja ilifyatuliwa risasi 6,000 kwa siku mbili. Zilipigwa mia mia, bastola ikaachwa ipoe dakika tano, na kila ilipotimiza elfu ikasafishwa na kutiwa mafuta. Savage ilipata hitilafu 37, Colt haikupata hata moja. Machi 29 mwaka huohuo Colt ikapitishwa kwa jina la M1911.

Sasa mbona bastola ya muundo uleule, leo, kwenye uwanja wa shabaha, inamkwamia mtu kabla hajamaliza hata boksi moja la risasi?

Tuifuate risasi moja. Baruti ikishalipuka, mtutu na slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza, hurudi nyuma vikiwa vimeshikana, mwendo mfupi tu. Kisha sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, slaidi inaachiwa na kuendelea peke yake. Kulabu ndogo iliyomo ndani ya slaidi imeling'ang'ania ganda tupu kwenye kitako na kulivuta. Ganda linagonga kijichuma kilichoko kushoto na kurukia nje kulia. Springi inairudisha slaidi mbele, nayo njiani inaisukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kilichomo ndani ya mpini, ipande kijiteremko na kuingia chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Haya yote hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kwa hiyo ukitazama ilivyokwama, utajua ni hatua gani iliyoharibika. Lakini kabla ya kutazama chochote, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha na kidole kitoke kwenye kifyatulio. Chomoa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho kisha uipapase kwa kidole. Bastola iliyokwama mara nyingi bado ina risasi ndani.

Kama risasi mpya imegota kwenye kijiteremko, pua juu, mimi huanza na magazini. Wengi hukimbilia tupa wakisugue kijiteremko, na hapo ndipo bastola nzima huharibiwa. Magazini ni bati lililokunjwa na springi ndani yake, na ndiyo inayoangushwa chini kila siku. Midomo yake ikipanuka kidogo tu, risasi inatoka mapema au imepinda. Springi ikichoka, risasi haiwahi kupanda kabla slaidi haijapita. Ziandike magazini zako namba kwa rangi. Ikikwama mara tatu na zote tatu ikiwa namba 2, weka namba 2 kando. Angalia pia umbo la risasi: M1911 ilitengenezewa risasi za pua ya mviringo, na nyingi za zamani huzikataa zile zenye shimo kwenye ncha.

Ganda tupu likisimama wima, limebanwa kwenye tundu la kutokea kama bomba la moshi juu ya paa, basi slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha. Hapa watu huilaumu bastola, kumbe ni mkono. Slaidi inahitaji fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini, itulie ili yenyewe irudi nyuma. Kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea, fremu inarudi pamoja nayo na nguvu inapotea. Nimeona mwanafunzi akikwama kila baada ya risasi mbili tatu, mwalimu akaichukua bastola ileile, na magazini ileile, akaimaliza yote bila tatizo. Mwanafunzi alirekebishiwa mshiko: kiganja kikapanda juu kabisa nyuma ya mpini, kifundo kikakazwa. Hakukwama tena siku ile. Mkono ukiwa sawa na bado inakwama, ndipo utafute risasi zenye baruti kidogo, au kulabu iliyolegea. Kulabu ya M1911 ni kipande kimoja cha chuma cha springi, na hulegea kwa matumizi. Pia huvunjika kwa watu wanaodondosha risasi moja kwa moja chemba na kuiachia slaidi, maana kitako cha risasi kiliundwa kiingie kwenye kulabu kwa chini, kikitoka kwenye magazini.

Mafuta yakizidi nayo ni tatizo. Hunasa vumbi na masizi ya baruti, yakawa tope. Tone moja moja kwenye njia za slaidi linatosha, na chemba ibaki kavu.

Ukivuta kifyatulio na kusikia “tik” tupu, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa kwenye shabaha, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kulipuka.

Ninayoiogopa kuliko zote ni ile inayolia “puf”, mlio dhaifu na mtikisiko mdogo. Fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha risasi, imewaka lakini baruti haikutosha, na huenda kichwa cha risasi kimebaki katikati ya mtutu. Usivute slaidi ukapiga nyingine, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Toa risasi zote, fungua bastola, chungulia mtutu kuanzia nyuma. Ukiona mwanga upande wa pili, endelea. Usipouona, ifunge na umpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.