Kiunzi cha usanifu wa taasisi: kina kazi gani hasa?

Usanifu wa taasisi ni maelezo ya namna shughuli za taasisi, taarifa zake, programu zake na mitambo inayobeba programu hizo vinavyoshikana: vilivyo leo, na vinavyotakiwa kuwa miaka michache ijayo. Kiunzi cha usanifu ni utaratibu ambao wengine wameshaufikiria wa kuandaa maelezo hayo. Kinaonyesha maswali ya kuuliza, mpangilio wa kuyauliza, mahali pa kuweka majibu na nani mwenye kauli ya mwisho. Kila taasisi ina usanifu wake hata kama haijawahi kuuandika. Umejengeka wenyewe, zabuni baada ya zabuni, mradi wa mfadhili juu ya mradi wa mfadhili mwingine.

Maana yenyewe haina ugumu. Kinachobishaniwa maofisini ni kama vitu hivi vina faida yoyote, au ni makabrasha tu ya kuwalipa washauri. Msimamo wangu ni kwamba kiunzi kina faida pale kinapobadilisha uamuzi wa fedha: kununua au kutonunua, kujenga upya au kutumia kilichopo, kuzima mfumo au kuuacha uendelee. Kisipofika hapo, hata kama michoro yake ni mizuri kiasi gani, taasisi imepoteza muda wa watu wake.

Jina linalotajwa kwanza katika historia ya fani hii ni John Zachman, aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM. Mwaka 1987 alichapisha makala katika jarida la IBM Systems Journal akipendekeza jedwali la kupanga maelezo ya mifumo ya taarifa. Jedwali hilo lilipanuliwa mwaka 1992, na safu zake wima zikawa maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Safu zake mlalo ni macho ya watu mbalimbali, kuanzia mwenye mpango na mwenye shughuli hadi msanifu, mjenzi na fundi. Zachman hakutoa hatua za kazi. Jedwali lake linapanga maelezo tu. Lakini hata hilo peke yake lina msaada mkubwa, kwa sababu mhasibu, afisa mapokezi na msimamizi wa kanzidata wanaweza kukaa kikao kizima wakimzungumzia “mteja” huku kila mmoja ana kitu chake kichwani. Jedwali linawalazimisha kuonyesha kila mmoja anatazama kutoka wapi.

TOGAF, kiunzi kinachotumika sana leo, ni ya The Open Group, muungano wa kampuni na taasisi unaotunga viwango vya teknolojia. Toleo lake la kwanza la mwaka 1995 lilichukua msingi wa TAFIM, kiunzi cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la kumi lilitoka mwaka 2022. Hii ina mzunguko wa kazi: maandalizi, kisha dira, kisha usanifu wa shughuli, wa taarifa na programu, na wa teknolojia, halafu kuchagua suluhisho, kupanga namna ya kuhama, kusimamia utekelezaji na kusimamia mabadiliko. Mahitaji yanakaa katikati, yakirejewa katika kila hatua. Angalia mpangilio huo: shughuli hutangulia, seva huja baadaye. Taasisi nyingi huanzia upande wa pili. Hununua kwanza, kisha hutafuta kazi ya kukipa kilichonunuliwa.

Ndani ya mzunguko huo kuna kazi moja ambayo kwangu mimi inazidi nyingine zote kwa thamani, nayo ni kulinganisha hali ya leo na hali inayotakiwa, kisha kuandika pengo lililopo. Kazi hii ni ya kuchosha. Inabidi kuorodhesha kila mfumo, nani anautumia, unashika taarifa gani, mkataba wake unaisha lini, na nani anaweza kuurekebisha ukiharibika. Wakubwa hupenda kuiruka ili wafike kwenye dira haraka. Kumbe faida kubwa ya mwanzo hutoka humo, maana ndimo inapogundulika kwamba idara mbili zinalipia leseni za programu zinazofanya kazi ileile, au kwamba mfumo unaobeba mishahara unamtegemea mtu mmoja anayekaribia kustaafu.

Tuchukue mfano wa kufikirika, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mapokezi wana mfumo wa kusajili wagonjwa. Maabara ina programu iliyokuja na mashine. Famasia ina mfumo wa stoo. Kitengo cha bima kina mfumo wa madai. Mradi wa ugonjwa mmoja umeleta vishikwambi vyenye rejista yake. Mgonjwa akipita kote huko anaweza kuwa na namba tano, na jina lake limeandikwa kwa tahajia tatu. Daktari akitaka majibu ya mwezi uliopita, mtu anatumwa na karatasi. Kila mfumo kati ya hiyo, ukiutazama peke yake, unafanya kazi vizuri. Tatizo lipo katikati yake, na katikati hapana mwenyewe.

Kiunzi kikitumika vizuri hapo, hakianzi na pendekezo la kununua mfumo mmoja mkubwa wa kuchukua nafasi ya yote. Kinaanza na swali: taarifa ya mgonjwa ni ya nani? Yaani, ni mfumo upi peke yake unaoruhusiwa kumwandikisha mgonjwa mpya, na mingine yote iombe namba kutoka kwake? Swali hilo halijibiwi na ofisi ya TEHAMA. Linajibiwa na mganga mfawidhi, mfamasia, mkuu wa maabara, mhasibu na mtu wa mapokezi wakiwa wameketi pamoja, kwa sababu jibu linagusa madaraka. Anayepewa taarifa hiyo anabeba pia jukumu la kuisafisha, kuilinda na kujibu ikikosewa. Wakikubaliana kwamba ni mapokezi, uamuzi huo unakuwa sentensi moja kwenye nyaraka za zabuni zijazo: mfumo wowote utakaonunuliwa utapokea namba ya mgonjwa kutoka mfumo wa mapokezi, na hautatunga namba yake wenyewe. Muuzaji ambaye mfumo wake umefungwa hauzungumzi na mwingine anaondoka mapema, kabla fedha haijatoka. Kama kurasa mia mbili za usanifu zisingezaa kitu kingine ila sentensi hiyo, kazi ingekuwa imelipa. Na kwa kweli sentensi hiyo haihitaji kurasa mia mbili.

Hasara ya kukosa ramani ya namna hii ilionekana waziwazi FBI. Baada ya Septemba 2001, shirika hilo la upelelezi la Marekani lilikuwa na haraka ya kuachana na mfumo wake wa kesi wa miaka ya tisini. Mfumo mpya, Virtual Case File, ulijengwa na kampuni ya SAIC. Nyaraka ya mahitaji ilizidi kurasa 800, na mahitaji yakaendelea kubadilika huku ujenzi ukiendelea. Septemba 2003 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyosema FBI inahitaji usanifu wa taasisi wa kuongoza maboresho yake, na kwamba haikuwa nao. Mwaka 2005 mradi ukaachwa baada ya kumeza takribani dola milioni 170. Usanifu uliokosekana haukuwa sababu pekee: usimamizi wa mkataba ulikuwa dhaifu na viongozi wa mradi walibadilishwa mara kwa mara. Lakini nyaraka ya kurasa 800 iliyoeleza mfumo mmoja kwa undani wote haikuweza kuziba nafasi ya maelezo mafupi ya namna shirika lenyewe linavyofanya kazi. Mfumo uliofuata, Sentinel, ulianza kutumika kikamilifu mwaka 2012.

Ajabu ni kwamba sheria ilikuwepo tayari. Sheria ya Clinger-Cohen ya mwaka 1996 iliwapa wakuu wa TEHAMA wa taasisi za serikali kuu ya Marekani jukumu la kuandaa na kutunza usanifu huo. Sheria inaweza kulazimisha nyaraka iandikwe. Haiwezi kulazimisha isomwe siku ya kusaini mkataba.

Kwa Tanzania jambo hili linafahamika kwa jina la mifumo kusomana, na mfano wake ulio karibu na mwananchi ni malipo ya Serikali. Zamani taasisi za umma zilikuwa na mipango yao wenyewe na benki, kila moja na akaunti zake na njia yake ya kupata taarifa za makusanyo. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa GePG, lango moja la malipo ya Serikali, chini ya Wizara ya Fedha. Taasisi inaunganishwa nao, benki na mitandao ya simu inaunganishwa nao, na mlipaji anapewa namba ya kumbukumbu ya malipo anayoweza kuilipia popote.

Fanya hesabu kidogo. Taasisi 100 zikiunganishwa moja kwa moja na benki 20, viunganishi ni 2,000, na kila benki ikibadilisha kitu kwake, taasisi 100 zinaguswa. Ukiweka lango moja katikati, viunganishi ni 120. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo hiyo popote utakapokwenda. Sisemi kwamba GePG ni zao la kiunzi fulani. Nasema ni uamuzi wa kiusanifu, na hakuna taasisi moja kati ya hizo ambayo ingeweza kuufikia ikiwa imejifungia ofisini kwake, kwa sababu faida yake inaonekana tu ukiitazama Serikali yote kwa pamoja. Ndiyo maana kazi ya kusimamia usanifu huhitaji chombo chenye mamlaka. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ambayo pamoja na mambo mengine hutoa viwango na miongozo na kupitia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma.

Mahali ambapo viunzi vinashindwa panafanana kote. Kuna timu inayotaka kuchora taasisi nzima kabla ya kuamua lolote. Inapomaliza kuchora, idara zimeshaunganishwa upya na mchoro umechakaa. Kuna taasisi inayopeleka vijana wake kupata vyeti vya TOGAF, kisha inawaweka mbali na kikao cha bajeti. Na kuna inayojaza kila kisanduku cha kiunzi kwa sababu kisanduku kipo. TOGAF yenyewe, katika hatua ya maandalizi, inataka kiunzi kipunguzwe na kurekebishwa kulingana na taasisi. Kukitumia chote bila kuchagua ni kukiuka maelekezo yake.

Ofisi ya watu kumi haina haja na haya yote. Jedwali moja linatosha: mifumo tuliyo nayo, taarifa iliyo ndani, mhusika, tarehe ya mkataba kwisha. Haja ya kiunzi kamili huanza pale ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuitaja mifumo yote kwa kichwa, au pale taasisi mbili zinapounganishwa kuwa moja na kila moja inakuja na kanzidata yake ya watumishi.

Ukitaka kujua kama usanifu unafanya kazi mahali ulipo, acha michoro kwanza. Chukua manunuzi matatu ya mwisho ya TEHAMA uangalie kama kuna lililosimamishwa, lililounganishwa na jingine au lililobadilishwa masharti kwa sababu usanifu ulisema hivyo. Halafu uliza misamaha iko wapi. Kila taasisi huwa na mfumo unaoruhusiwa kwenda kinyume na viwango kwa sababu ya dharura, na hilo si kosa. Msamaha unatakiwa uandikwe, uwe na jina la aliyeuidhinisha na tarehe ya kuisha, na tarehe hiyo ikifika, kikao kiitishwe.