Je, wajua kwa nini kukwangua milimita moja tu kwa tupa hubadilisha tabia ya injini ya tustroki?

Injini ya tustroki, iwe ya pikipiki kama Yamaha DT125, ya boti ya uvuvi au ya msumeno wa mnyororo, haina valvu kwenye kichwa cha silinda. Badala yake ukuta wa silinda una matundu, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyaziba. Ikishuka, hufunua kwanza tundu la ekzosi, moshi ukatoka. Ikishuka zaidi hufunua matundu ya pembeni, na mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupanda kutoka chini kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikirudi juu, huziba yote.

Kwa hiyo ukingo wa juu wa tundu ndio saa ya injini. Chukua injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 50, konekting rodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ni ya milimita 100, na tundu la ekzosi hufunuka kranki ikiwa imezunguka digrii 90 tangu pistoni ilipokuwa juu kabisa. Tundu hilo hukaa wazi kwa digrii 180, yaani nusu ya mzunguko. Pandisha ukingo wake milimita moja tu, na litafunuka mapema kidogo na kuzibwa kwa kuchelewa kidogo. Jumla umeongeza karibu digrii 4.5.

Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, nusu mzunguko ni sekunde 0.005. Kwenye 12,000, muda huo hupungua kwa nusu, na moshi haupati nafasi ya kutoka kabla mchanganyiko mpya haujaingia. Ndiyo maana injini za mashindano huinuliwa tundu la ekzosi. Lakini ikizunguka polepole, injini hiyohiyo humwaga petroli mbichi kwenye ekzosi, mgandamizo hupungua, na pikipiki hushindwa kupanda mlima ikiwa na mzigo. Kwa anayebebea mkaa au samaki, naona hiyo ni hasara tupu.

Aliyeonyesha ulimwengu uwezo wa matundu haya ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Alishughulikia matundu pamoja na bomba la ekzosi lililotanuka katikati, ambalo mawimbi yake hurudisha ndani mchanganyiko unaotoroka. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25, sawa na 200 kwa lita moja. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na kupeleka ujuzi huo Suzuki. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na karatasi, tupa itasubiri. Ikunje ndani ya silinda, ipapase kwa kidole chenye masizi, na matundu yote yatajichora kwa vipimo vyake halisi. Hapo utajua ulipoanzia. Kuongeza upana ni hatari kuliko kuongeza urefu: tundu likiwa pana mno, ringi (pete inayozunguka pistoni) hutanukia ndani yake, hunasa na kuvunjika. Usilete kabisa tundu mahali inapopita pini inayoshikilia ncha za ringi. Ukimaliza, lainisha kingo zote ili ringi iteleze. Silinda yenye utando wa nikeli au kromu ina ugumu wake: utando ukibanduka pembeni ya tundu, silinda imeharibika.

Chuma ulichokwisha kukikata hakirudi, na ndiyo sababu nawashauri mafundi wanaoanza watangulize gasketi, yaani kipande chembamba cha kuziba maungio. Weka chini ya silinda gasketi nene zaidi kwa nusu milimita: silinda nzima itapanda, na matundu ya ekzosi na ya pembeni yatafunuka mapema yote pamoja. Mgandamizo utashuka kidogo, lakini utaonja mabadiliko barabarani, na usipoyapenda utarudisha gasketi ya zamani.