Kuhama dhehebu si kubadili dini

Desemba ikifika hapa Moshi, watu wakirudi nyumbani na vikao vya harusi vikishamiri, utasikia tu: "Binti wa fulani amebadili dini." Ukiuliza kulikoni, unaambiwa alikuwa Mlutheri wa Machame, anaolewa na Mkatoliki wa Kibosho, kwa hiyo sasa ni Mkatoliki. Hajabadili dini yoyote. Amehama dhehebu.

Dhehebu ni mkondo ndani ya dini moja, wenye mafundisho, ibada na uongozi wake. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Waislamu wanalitumia sawasawa wanapotaja madhehebu ya Shafii au Hanafi bila mtu kudhani hizo ni dini mbili. Sisi Wakristo ndio tunaochanganya, na madhara yake nimeyaona: wazazi wanasusia harusi ya mtoto wao kana kwamba amemkana Kristo.

Hebu mwangalie huyo binti anavyopokelewa Katoliki. Anafundishwa, anakiri imani, anapewa Kipaimara hata kama usharikani kwao alishakipata, kisha anapokea Ekaristi. Lakini habatizwi. Anatakiwa kuleta cheti cha ubatizo kutoka KKKT, kanisa lake la Kilutheri, na ubatizo ule unatambuliwa, kwa kuwa alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Angekuwa ametoka dini nyingine, angeingia ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, na kubatizwa. Kwa hiyo Kanisa lenyewe linamhesabu kuwa alikuwa Mkristo tangu zamani. Mtaani ndiko tunakombatiza upya kwa maneno yetu.

Akienda kwa Wasabato au Wapentekoste, huenda akaambiwa abatizwe kwa maji mengi. Nao hawasemi ametoka dini nyingine. Wanaamini ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, na mtoto mchanga bado hajafika hapo. Hii ni tofauti nzito, ndiyo maana siwaungi mkono pia wale wanaosema madhehebu yote ni sawa tu, watu wanagombea vyeo. Mwaka 1529 Martin Luther na Ulrich Zwingli, viongozi wa Matengenezo ya Kanisa yaliyozaa Uprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani, kutafuta umoja. Katika hoja 15 walizoandika, 14 walikubaliana. Walikwama kwenye Chakula cha Bwana: je, mwili wa Kristo umo kweli katika mkate? Luther alikuwa ameandika kwa chaki juu ya meza, "Huu ni mwili wangu", na hakukubali kusogea hata neno moja. Zwingli naye aliyasoma maneno hayohayo akaona yanaashiria tu. Wote wawili walimpenda Kristo, wote waliheshimu Maandiko, na hakuna aliyeweza kuidanganya dhamiri yake ili wapatane. Waumini hutofautiana hivyo mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Ila tuseme kweli, wengi wetu huku mlimani hatukuchagua dhehebu kwa hoja za Marburg. Mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893, na Wasabato wakaingia Upareni mwaka 1903. Babu alibatizwa kwenye kanisa lililokuwa karibu na kihamba chake, yaani shamba la nyumbani. Angezaliwa ng'ambo ya mto, leo ukoo mzima ungekuwa unasali kwingine. Hata mgogoro uliowagawa Walutheri wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulihusu zaidi dayosisi na uongozi kuliko mafundisho ya imani.

Na wanaofikiri Mkatoliki na Mlutheri wako mbali kama dini mbili, wajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wawakilishi wa pande zote mbili walisaini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu, jambo lilelile lililowatenganisha tangu siku za Luther. Hawajawa kanisa moja, lakini walikubaliana kwenye kiini.

Kwa hiyo ukipewa fomu ya shule au hospitali yenye sehemu mbili, "Dini" na "Dhehebu", ya kwanza andika Mkristo. KKKT, RC, Anglikana, Msabato au TAG ya Wapentekoste, hayo yote nafasi yake ni ya pili.