Protini za saratani ya mapafu: yasemwayo barazani na yaonekanayo kwa hadubini

“Uvimbe una protini yake, pafu lenye afya halina.”
Mara nyingi sivyo. EGFR, protini inayopokea ishara ya kuiambia seli ikue, imo kwenye pafu lenye afya na hata kwenye ngozi. Ndiyo maana dawa za kuizuia huwatoa wagonjwa vipele usoni. Tofauti iko kwenye wingi au umbo. Katika badiliko la EGFR liitwalo L858R, nafasi ya 858 inakaliwa na ajinini badala ya lusini, asidi amino (tofali la kujengea protini) moja tu, na ishara ya kukua haizimiki tena. TTF-1 nayo ni protini ya kawaida ya seli za vifuko vya hewa: ikionekana husaidia kueleza seli zilikotoka, haisemi kama ni mbaya. Ubaya husomwa kwenye umbo na mpangilio wa seli. Inayokaribia dhana hii ni ALK, ambayo kwa kawaida haionekani kwenye pafu la mtu mzima. Ikijaa kwenye seli za uvimbe, kwa kawaida jeni mbili zimeungana vibaya, jambo lililoripotiwa Japani mwaka 2007.

“Kinyama kikishakatwa, kazi imeisha.”
Kinyama ni kipande cha uvimbe kinachokatwa kwa uchunguzi, na hapa ndipo mengi huharibika. Kichupa chenye kinyama kinachotoka Lamu huvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha kikaanza safari ndefu ya barabara kwenda Mombasa, na joto letu mnalijua. Kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wake: kinyama cha mililita 2, fomalini mililita 20. Huchanganywa sehemu 1 ya fomalini kali kwa sehemu 9 za maji, na kila lita hutiwa gramu 4 za sodiamu fosfeti ya monobesiki na 6.5 za daibesiki. Fosfeti zikiachwa, fomalini hugeuka asidi na kuacha punje za kahawia-nyeusi palipo na damu. Kwa bahati mbaya, kahawia ndiyo rangi inayotumika sana kuonyesha protini, basi msomaji asiye makini hudanganyika.

Muda wa kukaa ndani ya fomalini ni saa 6 hadi 72. Pungufu ya hapo, katikati hubaki mbichi. Ukizidisha, protini hufungana hadi kingamwili za kupimia hukosa pa kushika. Maji ya chumvi hayahifadhi. Friza ni mbaya zaidi, kwani barafu hupasua seli. Jina liandikwe ubavuni mwa kichupa, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

“PD-L1 asilimia 50 ni kusema saratani imekula nusu ya pafu.”
La. PD-L1 ni protini inayousaidia uvimbe kukwepa kinga ya mwili. Asilimia 50 ni seli 50 katika kila 100 za uvimbe ambazo utando wake umeshika rangi ya kuionyesha. Zisipopatikana angalau seli 100 hai za uvimbe, jibu halitegemeki. Seli za kinga zinazomeza uchafu nazo hushika rangi. Zikihesabiwa kimakosa, asilimia hupanda na mgonjwa akapewa dawa isiyomfaa.

“Mgonjwa aache samaki na maharagwe, yanalisha uvimbe.”
Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Protini ya chakula huvunjwa kuwa asidi amino kabla ya kuingia damuni. Changu haendi kuwa EGFR. Anayemnyima mgonjwa humkondesha tu, misuli ikaisha na tiba akashindwa kuihimili. Anahitaji gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 90 kwa mwenye kilo 60. Gramu 100 za samaki aliyepikwa hutoa 20 na kitu, yai 6 hivi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

“Kipimo cha damu kinatosha.”
CEA, protini inayopimwa damuni kutafuta dalili za saratani, hupanda hata kwa mvuta sigara asiye na saratani, na inaweza kuwa ya kawaida kwa aliye nayo. Kikohozi kisichosikia dawa, makohozi hayana TB: omba picha ya CT, na kukiwa na uvimbe, kinyama.